Pumzi Kwanza: Nafasi ya Polisi Mtu Anapozidisha Dozi ya Dawa za Kulevya

Vijana wawili wamo ndani ya chumba kimoja. Mmoja amelala chali, midomo imepauka, na kifua chake hupanda mara moja kisha kikatulia kwa muda mrefu mno. Mwenzake ameketi kando yake, simu iko mkononi. Namba ya dharura anaijua. Anajua pia kwamba sakafuni kuna bomba la sindano na kipande cha karatasi chenye mabaki ya unga, kwamba yeye mwenyewe amewahi kulala mahabusu, na kwamba wanaoitwa kwa simu ile huenda wakafika na pingu kabla ya machela. Anamwita mwenzake kwa jina. Anamtikisa. Anammwagia maji. Dakika zinapita, na simu bado iko mkononi.

Kisa hiki hakina mji mmoja. Hutokea Boston na Vancouver, na hakuna mhudumu wa afya wa Temeke, Malindi au Unguja atakayepata taabu kukitambua. Dawa ya kumwokoa aliyelala ipo, ni ya miaka mingi, na matumizi yake ni mepesi. Kinachokosekana ndani ya chumba kile ni imani ya aliye macho kwamba akiita msaada, msaada ndio utakaokuja. Kwa sababu hiyo, namna polisi wanavyohusika katika dharura hizi ni suala la tiba kama lilivyo suala la sheria, na mataifa kadhaa yamekwisha kulijaribia majibu yanayofaa kutazamwa kwa makini.

Mwili unavyoishiwa pumzi

Heroini, mofini, methadoni, tramado na fentanili ni dawa za jamii ya afyuni. Zote hushika vipokezi vya aina moja mwilini, na baadhi ya vipokezi hivyo vimo katika shina la ubongo, sehemu inayoamuru mapafu yavute hewa bila mtu kukumbuka kufanya hivyo. Dozi ikizidi, amri hiyo hufifia. Mtu husinzia, pumzi zake huwa chache na fupi, huanza kukoroma kwa sauti ya kukwaruza, mboni za macho husinyaa zikawa kama ncha ya sindano, na mwisho haamki hata akisuguliwa kwa nguvu juu ya mfupa wa kifua. Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi, rangi ya samawati inayotajwa vitabuni huwa haionekani kwa urahisi usoni. Hutafutwa kwenye midomo, ufizi, kucha na viganja, ambavyo hupauka na kuwa vya kijivu.

Pumzi zikikatika kabisa, ubongo huanza kudhurika katika dakika chache, nne hadi sita hivi. Kabla ya kufika hapo, hata hivyo, mara nyingi muda wa kuokoa huwapo. Kifo cha heroini kwa kawaida hakiji papo hapo. Huweza kuchukua saa moja hadi tatu tangu dawa iingie mwilini. Fentanili, ambayo nguvu yake ni takriban mara 50 ya heroini na ambayo imeenea sana katika soko haramu la Amerika Kaskazini, hupunguza muda huo kwa kiasi kikubwa. Mkoromo wa mtu aliyetumia dawa hizi basi usidhaniwe kuwa usingizi mzuri. Jamaa waliomsikia akikoroma wakamwacha apumzike hujilaumu maisha yao yote kwa jambo ambalo hakuna aliyewahi kuwafundisha.

Dawa inayoondoa athari hii ni naloksoni. Iliombewa hataza mwaka 1961, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1971, na tangu mwaka 1983 imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Huingia katika vipokezi vilevile, ikaisukuma afyuni kando, na mtu akaanza tena kuvuta hewa. Haina ulevi wala haileti uraibu, na aliyepewa kwa makosa hali hakutumia afyuni hapati madhara ya maana. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaotaka watu wanaoelekea kushuhudia tukio la kuzidisha dozi, yaani watumiaji wenyewe, ndugu zao na wanaofanya kazi nao, wapate naloksoni na mafunzo ya kuitumia. Polisi nao, katika nchi nyingi, ni miongoni mwa wanaoshuhudia matukio hayo.

Askari aliyepewa dawa

Nchini Marekani, mtu anayepiga simu ya dharura 911 kuhusu aliyezidisha dozi mara nyingi huletewa gari la wagonjwa na gari la polisi kwa pamoja. Sababu mojawapo ni ya kawaida kabisa: polisi tayari wako barabarani kwa doria, hivyo mara kwa mara hutangulia kufika. Kwa miaka mingi askari aliyetangulia hivyo alibaki amesimama kando ya mtu asiyepumua, hana la kufanya ila kusubiri wahudumu wa tiba.

Mwezi Oktoba 2010, Idara ya Polisi ya Quincy, mji ulio karibu na Boston katika jimbo la Massachusetts, ilianza kuwataka askari wake wa doria wabebe naloksoni ya kupuliza puani. Ilikuwa ya kwanza nchini humo kuliweka jambo hilo kuwa sharti, na ilifanya hivyo kwa kushirikiana na Idara ya Afya ya Umma ya jimbo. Wapo waliokuwa na shaka. Wengine walisema kazi ya askari si tiba; wengine walihofia kwamba mtumiaji akijua kuna dawa ya kumwamsha atazidisha utumiaji. Lakini jaribio la Quincy lilidumu, na idara nyingi za polisi zikalifuata. Askari aliyekuwa mtazamaji akawa na kitu mkononi cha kurudisha uhai.

Uzoefu huo umeleta pia mafunzo ya kitabibu. Kati ya Machi 2022 na Agosti 2023, Polisi wa Jimbo la New York walilinganisha naloksoni ya puani ya miligramu 4 na ile mpya ya miligramu 8. Kati ya watu 354 waliopewa dawa hiyo na askari, waliopata miligramu 8 walinusurika kwa asilimia 99.0, na waliopata miligramu 4 kwa asilimia 99.2. Dozi kubwa, basi, haikuokoa zaidi. Ilichoongeza ni mateso. Dalili za kukatishwa dawa ghafla, yaani ile hali ambayo vijiweni huitwa arosto, zikiwamo kutapika, zilionekana kwa asilimia 37.6 ya waliopewa miligramu 8, ikilinganishwa na asilimia 19.4 ya waliopewa miligramu 4. Aliyeamshwa kwa mateso makali huelekea kuukimbia msaada mara tu aamkapo, na huenda akatafuta dawa nyingine upesi. Kipimo kinachotosha kurudisha pumzi ndicho kinachotakiwa, na hali hii ni moja kwa askari aliye barabarani na muuguzi aliye wodini.

Somo jingine lilihusu hofu ya askari wenyewe. Fentanili ilipoenea, ilivuma habari kwamba kuigusa tu kunatosha kumwangusha mtu, na baadhi ya askari wakasita kumsogelea mgonjwa. Mwaka 2017 vyama viwili vya wataalamu wa sumu vya Marekani vilitoa tamko la pamoja kwamba kuigusa dawa hiyo kwa bahati mbaya kwenye ngozi hakuelekei kumdhuru mwokoaji, na kwamba glavu za kawaida zinatosha katika mazingira mengi. Kila dakika ambayo mwokoaji anaipoteza kwa hofu isiyo na msingi hutoka katika hesabu ya mgonjwa.

Hofu inayotangulia simu

Hata hivyo, askari mwenye naloksoni hawezi kumwokoa mtu ambaye hakuitiwa msaada. Marekani iligundua mapema kwamba muda mwingi hupotea kabla simu haijapigwa. Aliye karibu na mgonjwa mara nyingi ni mtumiaji mwenzake, naye anaogopa kukamatwa kwa kupatikana na dawa, kurudishwa gerezani kwa kuvunja masharti ya kuachiliwa, kufukuzwa nyumba au kunyang'anywa watoto.

Mwaka 2007 jimbo la New Mexico lilikuwa la kwanza kupitisha sheria ya kumlinda anayeita msaada. Sheria za namna hiyo, zinazojulikana kwa jina la Msamaria Mwema kutokana na kisa cha Injili, huelekeza kwamba mtu aliyepiga simu kwa nia njema kuomba tiba ya aliyezidisha dozi, pamoja na mgonjwa mwenyewe, hawatashtakiwa kwa kosa la kupatikana na kiasi kidogo cha dawa kwa matumizi yao. Jimbo la Washington lilifuata mwaka 2010, Massachusetts mwaka 2012, na Kanada ikapitisha sheria yake ya nchi nzima mwezi Mei 2017.

Lakini sheria iliyoandikwa ni jambo moja, na sheria inayojulikana ni jambo jingine. Uchunguzi uliofanywa Seattle baada ya sheria ya Washington kuanza ulionyesha kwamba asilimia 88 ya watumiaji wa afyuni waliohojiwa walisema kuwa sasa, baada ya kuelezwa sheria hiyo, wangekuwa tayari zaidi kupiga simu. Miongoni mwa askari polisi waliohojiwa, waliokuwa wamewahi kuisikia walikuwa asilimia 16 tu. Mtu hawezi kutegemea kinga ambayo askari aliye mlangoni haijui.

Zaidi ya hapo, kinga yenyewe ina mipaka. Sheria ya Kanada haimlindi anayetafutwa kwa hati ya kukamatwa kutokana na kosa lingine, wala anayetuhumiwa kuuza dawa. Nchini Marekani, baada ya mchezaji wa mpira wa kikapu Len Bias kufariki kwa kokeini mwaka 1986, Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria inayoweza kumtia gerezani kwa miaka isiyopungua 20 mtu aliyesambaza dawa iliyosababisha kifo. Lengo lilikuwa wafanyabiashara wakubwa. Lakini miongoni mwa watumiaji, anayenunua kwa ajili ya wawili na kumpa mwenzake sehemu huweza kuhesabiwa kuwa msambazaji. Mtu wa namna hiyo ndiye hasa aliyemo chumbani mwenzake anapoacha kupumua, na hesabu anayoifanya akilini haihitaji kuelezwa kwa maneno mengi.

Vancouver: polisi wanaobaki nyuma

Mji wa Vancouver, magharibi mwa Kanada, ulichukua njia tofauti na ya Quincy. Katika sera yake ya mwaka 2006, polisi wa mji huo walikubaliana kwamba hawatakuwa wanakwenda kwa kawaida kwenye matukio ya kuzidisha dozi. Simu hupokelewa na huduma ya magari ya wagonjwa. Polisi huitwa pale ambapo kuna kifo, au wahudumu wa tiba wameomba ulinzi kwa sababu ya vurugu au hatari nyingine. Sababu iliyotajwa ilikuwa wazi: watu wasiogope kuita msaada.

Ukizitazama kwa haraka, njia hizi mbili zinapingana: Quincy humtanguliza askari, Vancouver humbakiza nyuma. Tofauti yake hupungua mtu anapozingatia mazingira. Katika mji ambao magari ya wagonjwa hufika haraka na wahudumu wake wana vifaa, askari wa ziada huongeza hofu bila kuongeza pumzi. Mahali ambapo gari la polisi ndilo litakalofika kwanza, kumkataza askari asiende ni kumwacha mgonjwa afe. Pande zote mbili zinakubali kwamba anayeingia chumbani kwanza aingie kama mwokoaji, na kwamba upelelezi, kama upo ulazima, usubiri.

Hali ya pwani ya Afrika Mashariki

Heroini ilianza kufahamika katika miji ya pwani ya Kenya na Tanzania miaka ya 1980, na pwani hii ni sehemu ya njia ya baharini inayotumiwa na majahazi kuisafirisha kutoka upande wa Makran kuvuka Bahari ya Hindi. Si yote inayopita, nyingine hubaki. Tiba nayo imekua. Mwezi Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa waraibu wa heroini, zikafuata Mwananyamala na Temeke, na baadaye Zanzibar na mikoa mingine. Kenya ilianza mwishoni mwa mwaka 2014, na Malindi ikapata kliniki yake mwaka uliofuata.

Upande wa sheria, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya Tanzania ya mwaka 2015 inaihesabu hali ya kupatikana na dawa, hata za matumizi binafsi, kuwa kosa. Kenya nayo ina sheria yake ya mwaka 1994, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2022. Nchini Tanzania namba 112 hupokelewa na polisi. Kwa hiyo kijana mwenye simu mkononi Kinondoni au Kisauni ana hofu ileile ya mwenzake wa Boston, na ana sababu zake.

Kuna jambo jingine linaloongeza hofu hiyo. Wananchi wa Tanzania wamezoea Fomu ya Polisi Namba 3, yaani PF3, inayotumika kwa majeruhi wa ajali na wa mashambulizi. Kutokana na mazoea hayo, wengi huamini kwamba mtu yeyote aliyefikwa na jambo lenye harufu ya kosa lazima apitishwe kituoni kabla ya hospitali. Kwa mwenye jeraha la mguu, mzunguko huo huweza kuvumilika. Kwa aliyebakiwa na pumzi nne kwa dakika, mzunguko huo ni hukumu ya kifo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 43(2), inasema wazi kwamba mtu hatanyimwa tiba ya dharura. Maadili ya utabibu yanasema hivyohivyo kila mahali. Mgonjwa hupokelewa kwanza. Karatasi, ikihitajika, huja baadaye.

Kwa kuwa magari ya wagonjwa ni machache, aliyezidisha dozi katika miji hii hufikishwa hospitali kwa bajaji, teksi au mgongoni mwa mwenzake. Mara nyingine hutelekezwa kwenye lango la hospitali, na aliyemleta hutoweka. Walinzi na wauguzi huwaka kwa hasira wakiona hivyo. Lakini aliyekimbia ameacha nyuma taarifa ambazo tiba ilizihitaji: ametumia nini, saa ngapi, kwa sindano au kwa kuvuta, amechanganya na pombe au vidonge vya usingizi. Ametoweka nazo kwa sababu alidhani kuwa swali la pili lingekuwa jina lake na la tatu lingekuwa anakoishi.

Mahabusu: hatari isiyoonekana

Mkutano wa polisi na mtumiaji wa dawa hauishii chumbani alipoangukia mtu. Huweza kuwa wenyewe chanzo cha hatari. Anayeona askari wanakuja huenda akameza kete zake ili zisionekane, na pumzi zake zikafifia saa kadhaa baadaye akiwa mahabusu. Mwingine huingizwa akiwa ametumia dawa, askari wa zamu akadhani ni mlevi wa pombe, akamwacha alale. Kanuni za polisi wa England na Wales zinaagiza kwamba mahabusu aliyelewa, kwa pombe au kwa dawa, atembelewe angalau kila nusu saa, na kwamba lazima aamshwe na ajibu. Kuchungulia tundu la mlango na kumwona amelala hakutoshi. Agizo hilo halihitaji mashine wala fedha, na linaweza kufuatwa katika kituo chochote.

Hatari ya pili huja siku ya kuachiliwa. Mwili uliokaa majuma bila heroini husahau uvumilivu wake, na dozi iliyokuwa ya kawaida hugeuka kuwa ya kuua. Utafiti uliofanyika katika jimbo la Washington na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba katika wiki mbili za kwanza baada ya kutoka gerezani, uwezekano wa kufa kwa kuzidisha dozi ulikuwa mara 129 ya ule wa wakazi wengine wa jimbo hilo. Mgonjwa wa methadoni aliyekamatwa akiwa njiani kwenda kliniki naye huikosa dozi yake ya kila siku. Akirejea baada ya siku kadhaa, haifai apewe kipimo kilekile kana kwamba hakuna kilichotokea. Hupimwa upya, na dozi hupunguzwa kwa kadiri ya siku alizokosa. Kliniki yenye mawasiliano mazuri na kituo cha polisi cha jirani huweza kuzuia yote mawili: dozi isikosekane, na ikikosekana, daktari ajue.

Yaliyo mikononi mwa wahudumu wa afya

Mabadiliko ya sheria ni kazi ya mabunge. Yapo, hata hivyo, mambo ambayo hayangoji bunge.

La kwanza ni lugha ya mapokezi. Aliyemleta mgonjwa aambiwe mapema, kwa utulivu, kwamba maswali anayoulizwa ni ya tiba, na kwamba jina lake halihitajiki ili mwenzake atibiwe. Sentensi mbili za namna hiyo hupata taarifa ambazo ukali hauwezi kuzipata. Siri ya mgonjwa ni ile ile kwa mwenye kisukari na kwa aliyejidunga heroini, na mhudumu asiyeshurutishwa na sheria hana sababu ya kuita polisi kwa ajili ya mtu aliyekuja kuokolewa.

La pili ni utaratibu wenyewe wa kuokoa, ambao askari, ndugu na mtumiaji wanaweza kuujifunza kwa nusu siku. Mgonjwa huitwa na kutikiswa. Asipojibu, msaada huitwa mara moja. Kichwa chake huinamishwa nyuma kidogo na kidevu kuinuliwa ili njia ya hewa ifunguke, na kilichomo kinywani hutolewa. Kama hapumui vizuri, hupewa pumzi ya mdomo kwa mdomo, moja kila baada ya sekunde tano, au kwa kifaa kama kipo. Naloksoni ikipatikana hutolewa, kwa sindano ya msuli ya miligramu 0.4 au kwa kupuliza puani, na hurudiwa baada ya dakika mbili au tatu ikiwa pumzi hazijarejea. Akianza kupumua, hulazwa ubavu ili asipaliwe na matapishi. Mapigo ya moyo yakiwa hayapo, husukumwa kifua kama ilivyo kwa dharura nyingine za moyo. Kumpiga makofi, kummwagia ndoo za maji baridi, kumnywesha maziwa au kumdunga maji ya chumvi hakumwokoi, na kumnywesha chochote asiyejitambua huweza kumpaliza.

La tatu ni kutomwacha aliyeamka. Naloksoni hufanya kazi kwa dakika 30 hadi 90. Heroini huweza kubaki mwilini zaidi ya hapo, na methadoni hukaa zaidi ya siku nzima. Mgonjwa aliyesimama na kudai kuondoka anaweza kuzama tena akiwa njiani. Anahitaji kuelezwa hivyo kwa lugha ya heshima na kupunguziwa mateso ya arosto. Zaidi ya hayo anahitaji kutoona sare mlangoni, kwa maana askari aliyesimama kando ya kitanda ndiye sababu kubwa ya mgonjwa wa namna hii kuchomoa dripu na kuondoka.

La nne ni makubaliano ya eneo. Mganga mkuu wa hospitali na mkuu wa polisi wa wilaya wanaweza kukaa pamoja na kuandika ukurasa mmoja: kwamba taarifa ya mtu aliyezidisha dozi inapokelewa kama taarifa ya ugonjwa, kwamba askari anayefika kwanza anafungua njia ya hewa kabla ya kufungua daftari, kwamba anayeita msaada hakamatwi kwa mabaki ya unga yaliyo sakafuni, kwamba mahabusu aliyesinzia anaamshwa kila nusu saa, na kwamba mgonjwa wa methadoni aliye kizuizini anapelekewa dozi yake. Askari wa mtaa hupoteza kidogo kwa makubaliano hayo. Wafanyabiashara wa dawa hawakamatwi kwenye vyumba wanamofia wateja wao.

Mataifa yaliyotajwa hapa hayakupata ufumbuzi kamili. Mwaka 2023, miaka 13 baada ya askari wa Quincy kupewa naloksoni, Marekani ilipoteza watu takriban 105,000 kwa kuzidisha dozi za dawa za aina mbalimbali. Idadi hiyo ilishuka hadi kama 80,000 mwaka 2024, nayo bado ni kubwa mno. Askari mwenye dawa hawezi kuondoa umaskini, uraibu wala fentanili. Anachoweza ni kufupisha muda kati ya kuanguka kwa mtu na pumzi yake inayofuata, kwa sharti kwamba ameitwa.

Mwenye simu mkononi anaamua kwa yale aliyoyaona awali: namna askari walivyomtendea mwenzake mwezi uliopita, na namna muuguzi alivyomsemesha yeye mwenyewe alipokwenda kufungwa kidonda. Kila mara mtumiaji wa dawa anapotibiwa na kuondoka salama bila kudhalilishwa, habari hurudi kijiweni kabla ya jua kuzama. Siku mwingine atakapoanguka, habari hiyo ndiyo itakayomfanya aliye macho aibonyeze namba.